Jongoo-Bahari wa Labo Yetu

Bunia, Shari, Jumatatu

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na dada Godelive na shemeji Rodrigue na wote wa hapo Epulu. Natumaini mguu umepunguza maumivu na kwamba unamruhusu dada aukande, maana nakujua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila matope ya Shari yamenimalizia viatu.

Uliniuliza kwa simu kama nimesoma miaka yote hii ili niandike mémoire, kitabu cha kumalizia chuo, juu ya jongoo-bahari, ukacheka mpaka simu ikakatika. Mama Fanny, mwenye nyumba yangu, naye aliniuliza: "Weye mutoto, bahari uliiona wapi?" Sijaiona. Lakini labo yetu, maabara ya chuo, ina jongoo mmoja ndani ya chupa ya alkoli, zawadi ya padri wa zamani, na nilitaka kumjua huyo tuliye naye.

Ni mnyama laini, mnene kama muhogo, asiye na kichwa wala uti wa mgongo. Mdomo umezungukwa na vidole vya kuzoa matope, na matope ndiyo chakula chake. Jongoo wengi wa pwani wana mti wa kupumulia tumboni, matawi yanayovuta maji kwa njia ya haja. Nisamehe Baba, ndivyo Mungu alivyowaumba. Lakini kilindini, penye giza, kuna kundi kubwa liitwalo Elasipodida, na hao hawana mti huo.

Kwenye chupa limebandikwa jina la jongoo wa pwani, kwa mkono wa Profesa Constant anayeongoza kazi yangu. Miguu ndiyo iliyonitia shaka, mikubwa, imejipanga safu kando ya tumbo. Wewe ulitufundisha kwamba ng'ombe hasemwi amekufa kwa ugonjwa gani mpaka afunguliwe. Niliomba ruhusa, Profesa akanipa. Visu vya labo havikati hata ndizi, nikatafuta kingine. Utumbo niliukuta mahali pake, umejaa matope, na mti haukuwepo. Kisha niliyeyusha kipande cha ngozi kwa javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, na kwenye hadubini vikabaki vijifupa vyake, magurudumu madogo yenye spoku, mazuri hata machozi yakanitoka. Mwenye miguu ile, magurudumu yale, na asiye na mti, ni wa kilindini, wa jamaa ya Laetmogonidae.

Profesa alisema jongoo hutapika matumbo wakishikwa, huenda mti ulitoka hivyo. Nilimjibu kwa adabu kwamba utumbo ungetangulia kutoka, na magurudumu hayatapikwi. Akaniuliza: "Weye unajua kuliko miye?" Akasema nikiandika jina lisilo la chupa, hatatia sahihi.

Sasa nikuambie jambo ninalolizunguka tangu mwanzo. Niliandika jina la kilindini, sikulibadilisha, naye hakutia sahihi. Jumamosi sitasimama mbele ya walimu kutetea mémoire yangu. Najua umewatangazia watu wa kanisa na mbuzi umeshamfunga, na hilo linaniuma kuliko yote. Lakini Djugu tuliacha nyumba, ng'ombe na kaburi la Mama, kwa sababu vita vilitulazimisha. Hili nimeliona kwa macho yangu, siliachi. Nimemwomba mkuu wa fakulte anipe msomaji wa pili, naye amekubali kunisikiliza. Ikibidi kurudia mwaka, nitauza mikate mbele ya nyumba ya Mama Fanny, kisha nitarudi na magurudumu yangu yaleyale.

Wasalimie wote, na shemeji Rodrigue umwombe radhi kwa ajili yangu. Mbuzi mwache ale majani kwanza. Hata ungetaka kumchinja, kile kisu chako, kitu pekee ulichotoka nacho Djugu, ambacho umekuwa ukimdai Rodrigue tangu Pasaka, nilikichukua mimi, ninacho hapa. Ndicho kilichomfungua jongoo. Siku nitakayotetea utakipokea mkononi mwangu, na siku hiyo tutachinja.

Binti yako akupendaye,
Joëlle