Gia ya Pili na Waya wa Rajabu

Mtaa wa Gerezani, Kariakoo
Ijumaa, baada ya swala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, ila barua hii usimpe mpaka uimalize mwenyewe na uwe umeshaamua. Natumaini kifua kimetulia na ile dawa ya kuchemsha unainywa kweli, si kuimwaga nyuma ya choo kama nilivyokukuta mwaka jana. Mimi mzima. Mgongo unauma kwa kulala chini ya magari, lakini nakula na nalala. Mvua zimekuwa kubwa, Jangwani pamejaa maji, na wateja wa upande ule wamekaa wiki nzima bila kuleta magari yao.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwanza, ukipokea simu unaweka sauti ya juu na Muheza nzima inasikia. Pili, ndani ya bahasha hii kuna kitu ambacho hakipiti kwenye simu. Nimempa jirani yetu Bi Tatu, anayerudi huko kesho, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi.

Mwezi uliopita uliniuliza kama umkabidhi Rajabu karakana yako, maana magoti yamekataa na huwezi tena kuinama chini ya gari. Nikakujibu hapo hapo bila kufikiri: mpe, Baba, ni mwanao. Leo nalirudisha neno lile. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, usije ukasema ni hasira zangu. Hasira ninazo, sikufichi, lakini nimezisubiri siku nne zipungue kabla ya kushika kalamu.

Kuna mteja wangu mmoja, Mzee Nassoro, muuza vitambaa wa mtaa wa Swahili. Ana kirikuu tatu, vile vigari vidogo vya mizigo, vinavyopeleka marobota yake Magogoni yakavuke kwenda Kigamboni. Wiki iliyopita alileta kimoja nikibadilishe klachi. Nikashusha giaboksi, nikabadilisha, nikarudisha. Kebo ya gia nikaifunga kwa klipu mpya, nikaitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Vipuri vyangu vyote navitia alama hiyo, maana hapa ukigeuka tu kitu kimehama. Adhuhuri ikaingia. Rajabu, ninayefanya naye kazi hapa kila siku, akaniambia, "Dada, wewe nenda kaswali, mimi nakaza boliti zilizobaki." Nikaenda kuswali, Baba. Hapo ndipo nilipomwachia gari.

Jumatatu kirikuu ile ikakwama katikati ya mtaa wa Swahili, imejaa marobota mpaka juu. Iko gia ya pili na haitoki. Ya kwanza haiingii, rivasi haiingii, na huru haipatikani. Mikokoteni nyuma yake inatukana, wenye maduka wanatukana. Ikaletwa hapa kwa hiyo hiyo gia ya pili, inanguruma, wabeba mizigo wawili wanaisukuma kila inapotaka kuzima, na Mzee Nassoro mwenyewe anatembea mbele na kanzu yake kama anaongoza maulidi.

Rajabu ndiye aliyewahi kumpokea. Hakupiga hata jeki. Alishika kiuno akasema, na mafundi wote wanasikia, "Mzee, hiyo boksi imekula meno. Nilimwambia dada asiiguse peke yake, ile kazi inataka mwanaume. Niachie mimi gari zako, nitakutafutia boksi nyingine."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilidhani nimesikia vibaya.

Mzee Nassoro akanigeukia. "Mwajuma, mwanangu, nilikuamini wewe kuliko hawa wote wenye ndevu."

Nikamwambia, "Mzee, nipe nusu saa. Boksi haishushwi kwa maneno."

Nikaanza ulivyonifundisha. Nikakanyaga klachi, nikawasha gari: likatulia, halikuvuta. Basi klachi nzima. Nikashika liva ya gia. Ingekuwa imegoma kama imechomelewa, ningeogopa, ningejua kuna kitu kimevunjika ndani ya boksi. Lakini ililegea. Inakwenda huku na kule kama kijiko kwenye kikombe kitupu, na gia haisikii habari. Nikajua ugonjwa uko nje. Nikampandisha Mzee Nassoro kwenye kiti cha dereva, kanzu kaishika mkononi, mimi nikaingia chini.

"Weka ya kwanza, Mzee!"

"Nimeweka!"

"Weka ya nne!"

"Nimeweka, binti, nimeweka!"

Kebo inakwenda na kurudi, lakini ule mkono wa kwenye boksi umelala palepale kwenye gia ya pili. Kebo ilikuwa imechomoka kwenye pini yake. Na pale ilipotakiwa kuwepo klipu yangu, palikuwa na kipande cha waya mwembamba, laini, wa kufungia mifuko. Waya wa namna ile unashika siku mbili tatu tu, mtetemo ukiuzoea unakatika. Ulikuwa umekatika.

Baba, waya ule ulikuwa umesokotwa mizunguko mitatu, na mkia wake umekunjwa ndani.

Unajua ninachosema. Ni wewe uliyetufundisha, mimi na yeye, tumekaa chini kwenye gunia moja. Ulisema mkia usiachwe nje, kwa sababu fundi atakayekuja baada yako naye ana mikono. Hapa Gerezani hakuna anayefanya hivyo. Mikia wanaiacha nje, vidole vyangu vina makovu ya kutosha. Katika mji huu wote wanaofunga waya hivyo ni wawili, na mmoja wao ni mimi.

Nilibaki pale chini, mafuta yananidondokea shingoni, nashindwa kutoka. Halafu nikanyoosha mkono nje ya gari, nikasema, "Rajabu, nipe klipu."

Naiona miguu yake tu, amevaa zile ndala zangu za zamani. Kisha klipu ikawekwa kwenye kiganja changu. Nikaileta karibu na taa. Ina tone la rangi nyekundu.

Angeweza kwenda dukani kununua nyingine, hatua kumi tu. Alinipa yangu.

Nikaifunga. Gia zikaingia zote, na rivasi pia. Nikatoka, nikamwambia mteja, "Boksi yako nzima, Mzee. Klipu ilitoka."

"Ilitokaje, na ni juzi tu umefunga?"

Rajabu alikuwa amesimama hapo. Nilimpa nafasi ya kusema. Akainama akakusanya spana. Nikajibu, "Haikufungwa vizuri." Nililibeba mimi, kwa sababu kusema ukweli ni kusema kwamba nyumba yako, nyumba ya fundi Mbwana wa Muheza, imefanya kitu kile. Mzee Nassoro akatikisa kichwa akaondoka. Tangu siku hiyo kirikuu zake nyingine zinapita mbele yangu zinaenda karakana ya mtaa wa pili. Madereva wake wanageuza uso.

Jioni ile, tukifunga vifaa, nikamuuliza. Hakukana.

"Dada, kila anayeingia hapa anauliza, Mwajuma yupo? Miaka sita kazi yangu ni kujibu yupo. Sasa nirudi Muheza na jina gani? Niseme mimi ni nani?"

"Ungesema wewe ni mtoto wa Baba."

"Mtoto wa Baba mkubwa ni wewe."

Siku zote anakuita Baba, tangu baba mdogo, baba yake mzazi, alipofariki ukamchukua. Siku ile ndiyo nimemsikia kwa mara ya kwanza akikuita Baba mkubwa. Halafu akasema, "Naomba usimwambie." Alisema kama anayejua kwamba sitasema, kwa kuwa tangu utotoni sijawahi kumsemea. Vile vioo vyako alivyovunja, nilipigwa mimi. Alipokuja Dar bila kitu, nilimgawia nusu ya spana zangu. Nililia, Baba. Nililia mbele yake, na kwa hilo sijajisamehe.

Basi jibu langu ni hili: karakana usimpe. Akija likizo mpe chakula, mpe kitanda chake, ni mwanao na ni mdogo wangu, sijamfukuza kwenye nyumba. Lakini funguo usimpe. Watu wa Muheza watapanda magari kwa kuiamini mikono ile, na mimi ninajua mikono ile imefanya nini.

Nawe pia nina neno. Uliniuliza kama tumpe Rajabu. Hukuniuliza kama mimi naitaka. Miaka yote hii nasubiri swali hilo, nimelisubiri hata wakati nakujibu mpe. Sasa naacha kusubiri: naitaka.

Msalimie shangazi muuza vitumbua, mwambie watoto wake nawakumbuka. Msalimie imamu, na yule mlinzi wa stendi anayeniita fundi tangu nina miaka kumi. Mama mwambie nimepata kitambaa alichoagiza.

Ni mimi binti yako,
Mwajuma

Waya wenyewe nimeufunga kwenye karatasi ya pili. Kama miwani haioni vizuri, upapase kwa kidole. Usiogope, haukuchomi, mkia bado umekunjwa ndani.