Kwa Maman Védastine, Aliyesema Nakatala

Mwaka umetimia, Maman, tangu ututoke hapa Kamembe, na binti yako Gracia bado anashtuka kila akisikia toroli likisukumwa sokoni.

Wa sokoni wanakutaja mpaka leo. Ulikuwa ukiuza mchele wa Bugarama, ukiwaachia watu waushike, waunuse, na hata wakienda kununua kwa jirani hukuwanunia. Nyumbani hukumpakulia mtu bila kumwuliza. Hata Gaju, mjukuu wako, kabla hajajua kusema vizuri, ulimwinamia na sahani, ukimwita maman kwa mapenzi: "Unataka nini, maman?" Tulikucheka, maana chakula kilipoa ukiwa bado unauliza.

Kisha sukari ikakushika mguu. Weusi ulianza kidoleni ukapanda, na hospitalini daktari akasema bila kukatwa hutapona. Homa ilikuwa imekupokonya Kinyarwanda, ukabaki na Kiswahili cha Bukavu, Kongo, ulikokulia. Daktari naye Kiswahili chake alikuwa amejifunzia mbali. Akauliza, "Mama, tukate?" Ukajibu ndani ya barakoa ya oksijeni, sauti ikikupotea, "Nakatala."

Yeye alisikia kata. Kaka yake Gracia, Christophe-Aimé, pia alisikia kata, maana ndilo alilokuwa akiliomba kwa Mungu. Akafuta machozi, akasema umekubali. Toroli la kukupeleka chumba cha upasuaji likaletwa.

Gracia alisikia neno zima. Kwetu kukatala ni kukataa, na alilijua kutoka mdomoni mwako tangu utoto. Akinyamaza, utakatwa, pengine utaishi. Akisema, atakuwa yeye aliyemwua mama yake, na kaka yake atamtazama hivyo maisha yote. Toroli lilikuwa limefika mlangoni alipolishika.

"Docteur, ngoja kwanza. Hakusema mukate. Anakatala."

"Gracia, nyamaza," kaka akasema. "Unataka akufe?"

"Hapana. Nataka bamuulize."

Daktari akarudi. Akakueleza upya, polepole, na Gracia akakugeuzia kila neno kwa Kiswahili cha Bukavu. Kisha akakuinamia kama ulivyomwinamia Gaju.

"Maman, unataka nini? Bakate mguu, ao unakatala?"

"Nakatala. Munirudishe ku nyumba."

"Utakufa, Maman."

"Najua."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Na weye unaogopa. Kamata mukono yangu."

Akaushika. Tulikurudisha nyumbani, na kaka hakusema na Gracia njia nzima, wala siku zilizofuata. Kaka alikuletea uji kila asubuhi na kukubembeleza unywe, mpaka ukachoka kugeuza uso. Lakini asubuhi ile ya mwisho alisimama na kikombe, akauliza. "Maman, unataka?" Ukatikisa kichwa. Akakiweka kikombe chini bila kubisha, akaketi upande wa pili, akakushika ule mkono mwingine.

Gracia hajaacha kuogopa, Maman, tusikudanganye. Kuna siku anajiuliza ingekuwaje kama angenyamaza. Siku hizo kaka huja kukaa naye.

Tunaokukumbuka ni sisi watoto wako, Christophe-Aimé na Gracia. Mdogo wako Marguerite. Wajukuu wako Shema na Gaju. Na majirani zako wa sokoni Kamembe.

Hutatutoka moyoni kamwe. Kila tukipakua, tunauliza.