Udongo Wenye Njaa

Butiama, 4 Septemba 1974

Kwa mjukuu wangu, mume wangu Masatu, bwana shamba wa Bunda,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto. Huko mko wazima? Nasikia siku hizi unavaa soksi.

Barua hii naandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha herufi zote, kwa hiyo leo matusi utayapata bila mwandishi kuyapunguza. Jumatatu ulikuja na watu wako, mkapigilia vigingi kule bondeni, mkasema kaya arobaini zihamie hapo zilime mahindi na pamba. Hata kwangu hukuingia kunywa uji.

Vigingi nimeving'oa vyote. Bonde lile ni maji na mchanga tu. Linaotaga kile kijimea chenye majani mekundu na umande wa kunata, kinachokula nzi. Unakijua, ulikuwa unakichezea.

Bibi yako, Nyamburi


Bunda, 11 Septemba 1974

Shikamoo Bibi,

Sijambo. Pole kwa goti.

Bibi, nakuomba. Lori la kuhamisha watu linakuja tarehe 30. Mkuu wangu kaniuliza vigingi viko wapi, nikasema ng'ombe wameviangusha. Akijua ukweli, wewe mahabusu, mimi kazi sina. Tumechagua bonde kwa sababu lina maji mwaka mzima. Kijimea cha kula nzi hakiwezi kuzuia watu mia mbili. Virudishe.

Mjukuu wako, Masatu


Butiama, 15 Septemba 1974

Masatu,

Salamu utapata siku nyingine. Unawasingizia ng'ombe! Ulisomea kilimo au uongo?

Mwenye chakula kwake haendi kuwinda nzi. Kijimea kile kinakula nyama kwa sababu udongo haukipi kitu. Nimekitazama tangu niko mwali. Nzi akinasa asubuhi, vinywele vyenye gundi vinamwinamia, kesho yake jani limemkumbatia. Likija kufunguka, limebaki ganda. Ukiweka chembe ya mchanga linaiacha. Punje ya nyama ya mbuzi linakula, ukizidisha linaoza. Kikipata kivuli wekundu unapotea, umande nao unakwisha. Mwaka babu yako alipolaza ng'ombe pale, samadi ilijaa, nyasi ndefu zikaota, chenyewe kikafa. Kinaishi pale wenzake wanaposhindwa, na wewe unataka kupanda mahindi!

Babu yako alilima pale msimu mmoja baada ya samadi kusombwa na maji. Mahindi yalitoka manjano, yakafika magotini, yakalala. Shangazi yako Tabu alikufa mwaka ule, bado mtoto mchanga, maziwa yamenikauka. Hilo hukuambiwa kwa sababu sipendagi kulia mbele ya watoto.

Njoo uchimbe mwenyewe.

Bibi yako, Nyamburi


Bunda, 24 Septemba 1974

Shikamoo Bibi,

Nimefika salama. Asante kwa uji.

Udongo tuliochimba nimempelekea mkuu. Nimemwambia ukweli wote, kwamba vigingi uling'oa wewe, na kwamba mimi nimevipigilia upya mteremkoni, juu ya bonde, kwenye udongo mwekundu. Alipiga meza. Lakini muda wa kupima tena hakuna, watu watashushwa mteremkoni. Mimi nimesimamishwa kazi. Anasema nikiandika barua ya kuomba radhi, kwamba nilipotoshwa na kikongwe mshirikina, atanirudisha, na wewe hatakugusa. Niandike? Nijibu upesi.

Mjukuu wako, Masatu


Butiama, 2 Oktoba 1974

Mume wangu,

Goti limevimba kwa kushusha vyombo, moyo mzima. Wewe unakula?

Watu wote wako mteremkoni. Wananung'unika kwamba maji yako mbali. Kweli yako mbali, tutabeba. Mwenyekiti Mwikwabe alitaka kunipa kiwanja cha nyuma kabisa kwa sababu ya ukaidi. Nikapanga mafiga yangu mbele, nikawasha moto yeye amesimama hapo hapo.

Kuhusu barua yako ya radhi. Kikongwe nakubali, miaka ninayo. Lakini ukiandika kwamba nilikupotosha, siku nikifa usije kunizika. Wakitaka kunikamata waje, mlango wanaujua. Wewe rudi nyumbani ulime, mawingu ya mvua yameanza kutanda.

Nimemwambia Mwikwabe kiwanja kilicho kando ya changu ni chako. Akauliza kwa ruhusa ya nani. Nikamwambia aniandikie barua, nitaisoma mwenyewe, na nitamjibu mwenyewe.

Bibi yako, Nyamburi