Shukrani kwa Mwimbaji

Katesh, Jumamosi usiku

Masikio bado yanavuma, na sitaki yaache. Bendi ya roki niipendayo tangu ujana imepiga uwanjani hapa hapa! "Babu, kaa, utaanguka!" alipiga kelele mjukuu wangu Neema. Kiti nikamwachia yeye.

Nilihofu kufa kabla ya kumshukuru mwimbaji wao. Tulipohamishwa kwa lazima kutoka kijijini kwetu Gehandu, nyimbo zake redioni ndizo zilizonituliza.

Onyesho lilipoisha akapita karibu na uzio. Kabla sijafungua mdomo, akainama: "Shikamoo, mzee!"

Siku zote nilidhani yeye ni mkubwa wangu. Nikaitikia, "Marahaba," na hotuba yote ya shukrani niliyoiandaa ikanipotea.

Basi nikamshika mkono, nikamwimbia ubeti wa kwanza wa wimbo wake. Wa pili akaupokea mwenyewe.