Wekundu Waliohamia Ziwani

Jumatatu, 29 Mei 1995

Nanuka. Nimeoga mara mbili, nimesugua mikono kwa Omo mpaka ngozi imekakamaa, na bado nanuka mavi ya ndege. Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala hilihili la ushirika, hapa Bariadi. Kalamu sikioni, wakulima wananisalimia kwa adabu, kwa Kisukuma chetu: mwangaluka mayu! Sasa ushirika hoi, pamba ananunua kila mwenye mkoba, na ghala kalikodi Bwana Kasmiri, kaniajiri nimlishie ndege. Ukutani bado pameandikwa PAMBA SAFI. Chini yake matundu arobaini ya ndege. Ndiyo soko huria hilo!

Ni vile vindege vyekundu vyenye tumbo jeusi vinavyomaliza mpunga. Mdogo wangu Shija amewanasa kwa nyavu kwenye majaruba. Madume tu, maana tajiri wa Dar anataka wekundu tu — eti huko Ulaya watu huwaweka sebuleni. Wanasubiri kibali cha kusafirishwa tangu katikati ya mwezi. Kasmiri kaamuru matundu yafunikwe magunia ili watulie. Vizuri sana, sina hamu ya kuwaona. Kanga puani, napitisha mtama kwa mlango mdogo wa chini, nafagia, natoka. Maji analeta Shija alfajiri. Funguo ziko mbili, wake na wangu.

Jumapili, 4 Juni

Utitiri wa ndege umenitambalia shingoni katikati ya mahubiri. Nimejikuna mbele za watu. Mimi! Mama aliyekaa nyuma yangu akahamia benchi lingine.

Alhamisi, 15 Juni

Unyoya kwenye chai. Mwekundu, umelala juu ya maziwa. Nimekimwaga uani kikombe kizima, na kikombe nimekichukia.

Sakafu nzima sasa ni manyoya, kila siku zaidi ya jana. Wanang'oana humo ndani, mabaradhuli. Nayafagia nayatia kwenye kiroba cha chumvi. Nitashona mto, angalau nipate faida moja kwenye uchafu huu.

Shija kasema leo: dada, hebu funua gunia uwaone, mimi ndege hawa siwaelewi. Nikamwambia umewaleta mwenyewe, waelewe mwenyewe. Akacheka, akabeba ndoo zake.

Jumanne, 27 Juni

Kibali kimekuja. Gari limekuja. Kasmiri akavuta gunia la kwanza kwa mbwembwe, kijiti cha meno mdomoni — kahawia! La pili, kahawia. Matundu yote, vindege vya rangi ya vumbi, milia mgongoni, wala huwezi kuwatofautisha na shomoro. Dereva wa tajiri akaangua kicheko. Kasmiri akatema kijiti karibu na mguu wangu.

Nani ana ufunguo? Mimi na Shija. Akaitwa. Akasema: wamegeuka, nilikwambia dada uangalie.

Wamegeuka! Nilisikia aibu hadi kwenye mifupa. Mtoto wa baba yangu anaiba, kisha anatetea wizi kwa hadithi ya kubembelezea watoto. Polisi walioitwa na Kasmiri wakaniuliza, ndege mwekundu anaweza kugeuka kahawia? Nikacheka. Nimeamia mpunga tangu nina miaka sita, nikipiga debe na kurusha mawe. Kila mtu kwetu anajua: mpunga ukivunwa, wekundu wanahamia ziwani, kule Lamadi. Hawa wa kahawia ni wake zao, ndio wanaobaki. Shija kawauza wekundu kwingine, kaingiza majike. Nikasema hivyo hivyo. Wakaandika. Nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri wa ukarani.

Wamemchukua. Hakunitazama.

Jumatano, 28 Juni

Wifi yangu Ng'washi kapita hapa akielekea kituoni na bakuli la ugali. Nimemsalimia mwadila, hakuitikia. Nikampa mkono. Kautazama mkono wangu kama kitu kilichookotwa chooni, akaenda zake.

Ijumaa, 30 Juni

Niandike taratibu.

Kasmiri kasema hawezi kupoteza mtama kwa majike, niwafungulie wote. Nikafungua tundu baada ya tundu, kanga puani, uso nimeugeuzia ukutani. Tundu la mwisho, ndege mmoja hakutoka. Nikaingiza mkono — uwiii, lile joto lao! — nikamtoa mpaka mlangoni penye mwanga.

Nusu. Kichwa na mgongo ni vumbi, kifuani kiraka chekundu. Tumbo lina madoa meusi, mengine yameshaondoka. Nikamkodolea macho. Akajikung'uta, unyoya mwekundu ukadondoka kiganjani mwangu. Pale ulipotoka palikuwa na mwingine unaoota, kama ncha ya sindano, na mwisho wake umeanza kufunuka. Kahawia.

Ndege yuleyule mmoja! Hawahami. Hawajawahi kuhama. Huvua nguo zao palepale mpungani mbele ya macho yetu, na sisi tunawasindikiza ziwani. Na manyoya niliyafagia mimi, siku baada ya siku, nikiyatukana.

Nikakimbia kwa Kasmiri. Alikuwa anakunywa supu ya makongoro, mafuta mpaka kwenye kidevu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: mama, tajiri anataka jina la mwizi, nimpelekee hadithi ya ndege kuvua shati? Tena aliyesaini ni wewe. Akanyonya mfupa. Mlio ule bado uko masikioni mwangu.

Nimejitazama kwenye kioo. Hata kule ghalani sijawahi kuona kinyaa cha namna hii.

Jumamosi, 1 Julai

Nimeamkia kituoni. Ndege kwenye kikapu, kiroba mkononi. Askari wa zamu kachungulia kiroba akasema, kumbe mliwanyonyoa! Nikamweleza upya. Akaniuliza: basi siku ile ulidanganya, au unadanganya leo? Nikasema siku ile nilikosea. Akasema hicho kisanduku hakimo kwenye fomu.

Mkuu wa kituo ndiye anayeweza kubadili maelezo, naye yuko Shinyanga kwa maandalizi ya Saba Saba. Njoo Jumatatu.

Jumapili, 2 Julai

Sikwenda kanisani. Kiraka kimepungua, kilikuwa upana wa kidole gumba, sasa ni kucha tu. Akishiba atageuka haraka? Nikimnyima atakufa. Hakuna wa kumuuliza! Wale wengine wote niliwafungulia mwenyewe, wameshachanganyika na kahawia wenzao huko mashambani. Nimemloweshea mtama. Nimemwomba asijikung'ute. Mwanamke mzima, namwomba ndege.

Jumatatu, 3 Julai

Mkuu hajarudi. Shija mahakamani Alhamisi, na ushahidi pekee ni ule niliousaini.

Nilimkuta Ng'washi pale kituoni. Nikamfunulia kikapu. Kaangalia, kagusa kifua cha ndege kwa kidole kimoja. Halafu ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza tangu siku ile: wifi, Shija alikwambia uangalie. Nikafunika kikapu.

Jumatano, 5 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo, saa tisa alasiri. Manyoya mekundu yamebaki mawili.

Mkuu alifika saa sita. Nikasimama na kikapu. Hata hakusimama, alipita akisema shughuli ni nyingi, hao wenye mambo ya ndege waje Jumatatu baada ya sikukuu. Nikamfuata mpaka kwenye gari, nikimwambia: Jumatatu huyu atakuwa kahawia mtupu mzee wangu, na kesi ni kesho! Akafunga kioo.

Kutoka kule nyuma, dirisha la mahabusu, nimesikia sauti ya Shija. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kauliza tu: dada, bado ana wekundu?

Nikajibu anao. Kisha nikachungulia. Unyoya mmoja umenasa kwenye ukili wa kikapu. Uliobaki unatikisika kila akipumua.

Askari wa zamu anasema niende nyumbani, hapa si mahali pa kulala. Upepo wa vumbi umeanza uwanjani. Nimevua kanga niliyokuwa najifunika nayo pua, nimemzungushia ndege. Ananuka vilevile. Nimemwambia askari siendi, amwite mtu yeyote mwenye cheo aje aangalie, dakika moja tu, aje sasa hivi, kabla huu mmoja —