Kadi ya Chai ya Shaame

Mwanangu Najla, nesi wa kliniki ya hapa Hounslow, London, amechaguliwa kuwafundisha madaktari! Asalaam aleikum Bi Afra, nisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu, mie mamaake niliyeishia darasa la saba kwetu Wete, Pemba, nitakaa kiti cha mbele nimsikilize, lakini ndani ya furaha hii nimefanya jambo na nakuomba uniokoe kabla ya Alhamisi.

Anachofundisha ni hiki: mtu mwenye maradhi ya kusahau, hii dimensha, daktari asimwambie hakuna la kufanya, amuulize anataka kuweza nini tena, kisha wamfundishe hicho hicho kidogo kidogo mpaka mikono izowee. Alianzia nyumbani, maana babaake, mume wangu Shaame, anayo mwaka wa pili huu, ingawa jirani nawaambia ni masikio tu hayasikii vizuri. Alipomuuliza, Shaame akasema, "Nataka nimtilie mamaako chai. Miaka arubaini ananitilia yeye." Basi Najla akabandika picha za hatua ukutani juu ya birika la umeme, vikombe akaviweka pahala pamoja, akaacha na kadi: kila siku babaake akitia chai peke yake ipigwe alama, na mie nisiguse kitu.

Sasa Bi Afra, siku ya kwanza kayamwaga majani ya chai kwenye kopo la sukari, siku ya pili kasimama na kikombe mkononi kama mgeni, na mie sikulelewa kukaa namtazama mume wangu akihangaika jikoni, nikamshika mkono nikamkalisha, chai nikatia mie, na kadi nikaipiga alama nisije nikamtia mwanangu aibu, siku ya tatu vivyo hivyo, mpaka ishirini na moja zikajaa, na sukari ile yenye majani tukainywa wiki nzima. Najla alipoiona kadi alinikumbatia akalia. Alhamisi ataionesha kwa madaktari na manesi thalathini, na babaake atatia chai mbele yao. Na mie nimeshaalika nusu ya mtaa kwa dua ya shukrani Jumapili yake. Nifikirie kukaa karibu nimnong'oneze hatua? Au niseme ana homa?

Mama wa Mwalimu wa Madaktari, Hounslow

Bi Afra anajibu: Mama wa Mwalimu, umeficha jina lako ukataja la mwanao, la mumeo na la mtaa, kwa hiyo tuzungumze wazi, wanakujua wote. Hongera kwa Najla, kweli kakulia mikononi mwa mtu.

Homa hiyo ifute. Na ukinong'ona, watu thalathini watarudi kliniki zao wamejifunza kunong'ona.

Najua ulivyolelewa, na mimi nililelewa hivyo. Mama yangu nilimvisha mwaka mzima, mpaka vifungo alivyokuwa akivifunga mwenyewe vikamshinda. Mumeo aliomba kitu kimoja, akupe wewe kikombe, nawe umemkalisha mara ishirini na moja ukaiita heshima.

Leo, kabla hujaweka sufuria jikoni, mpigie Najla umwambie, "Alama zile ni zangu, si za babaako." Atakasirika, muache akasirike. Akitulia ataona umempa somo, maana kila daktari pale ana mgonjwa mwenye mke kama wewe, na mke naye anahitaji kufundishwa. Shaame akiwa hajawa tayari Alhamisi, simama wewe na kadi yako ya uongo, uwaeleze ilivyojaa. Kusimama mbele ya madaktari najua hakutakuchukiza.

Kisha omba kadi mpya, ukae kitini, ikibidi ikalie mikono yako. Majani yakiingia kwenye sukari, kunywa, si mmeshazowea.

Jirani waambie si masikio. Dua usiivunje. Chai ya wageni tia wewe, lakini kikombe chako usikiguse, kina mwenyewe, hata kikichelewa mpaka magharibi. Waje wote wamngojee Shaame pamoja nawe, Jumapili, baada ya alasiri.