Dada Yake Lado Kwenye Kiti Changu

Juba, Jumamosi, Agosti 2008

Afadhali ningenyamaza. Leo nilimsuka Poni, dada mkubwa wa mpenzi wangu Lado, hapa saluni mtaani Hai Malakal. Alikuwa akisoma riwaya ya Kiingereza na kunisimulia: msichana maskini anapendwa na tajiri, shangazi wa tajiri anazuia ndoa. Poni akafuta machozi. "Shangazi huyu hana huruma kabisa."

Nikajipa moyo. "Dada, mimi na Lado tunataka kuoana."

Akafunga kitabu. "Lado ni mtu wa ofisi. Hatuwezi kutoa ng'ombe wa mahari kwa msusi kutoka Kampala."

Niliendelea kusuka, maana nusu ya kichwa ilikuwa bado.

Jioni Lado alikuja kumchukua. Poni akamwambia mbele yangu nilichosema. Nikamngoja ajibu. Akaniambia, "Asante, mama saluni," akamfungulia dada yake mlango wa gari.